Kwa Ljubinka, Kuhusu Damu ya Baba

Nyumba ya juu ya kanisa,
Kamenjača, Valjevo.
Ijumaa, 14 Juni 2019.

Mpendwa mdogo wangu Ljubinka,

Pokea salamu zangu, na za Rosanda mke wangu, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akinicheka. Anasema nimekuwa mtu wa posta kwa miaka thelathini, nimepeleka barua za milima hii yote, za harusi, za mahakamani, za wapenzi walioachana, na bado mdogo wangu wa tumbo moja sijamwandikia barua zinazofika tano. Ana haki ya kucheka. Ihesabu hii kuwa ya tano.

U hali gani huko Adelaide? Lile goti lako la kukimbia limepoa? Shemeji Predrag anaendeleaje na mgongo wake, na kijana wako Aleksa bado anacheza mpira au kazi imemmeza? Najua huko baridi imeanza na mnavaa makoti. Hapa nyasi za ng'ombe zimefika kiunoni na miplamu imebeba vizuri. Mvua ya mawe ilipiga shamba la Miladin jirani yetu, letu ikaliruka. Miladin anasema watakatifu wetu wana upendeleo.

Sisi kwa jumla hatujambo. Mama alitimiza miaka sabini na tisa mwezi wa Machi. Bado anapalilia maharage kwa mkono wake, bado anagombana na kuku, na masikio yake yamekuwa mazito kwa kila jambo isipokuwa lile usilotaka alisikie. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu iko jikoni, na jikoni yuko mama. Zile simu za kuonana uso nazo sizitaki, kwa sababu ukiniona tu utaanza kubisha kabla sijafika katikati. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hiyo kaa chini, mdogo wangu, soma mpaka mwisho, ndipo uniite mjinga.

Habari zenyewe ni hizi. Mwishoni mwa Februari walitupima afya wafanyakazi wote wa posta. Nilikwenda kifua mbele. Natembea kilomita kumi na mbili kwa siku, kupanda na kushuka, sigara niliiacha jeshini, kitambi sina. Nilidhani watanipa cheti. Badala yake daktari aliniita chumbani akafunga mlango. Ni Jelisaveta, binti wa Rajko niliyesoma naye, yule aliyekuwa akipanda mcheri wetu na kuvunja matawi. Kolesteroli yangu, yale mafuta ya kwenye damu, ilikuwa tisa nukta nane. Kwa mtu mzima inatakiwa isizidi tano.

Baada ya hapo hakuitazama karatasi ya majibu tena. Alinishika mikono, akabonyeza vile vinundu vilivyo juu ya vidole, kisha akaniambia nivue viatu na soksi. Akapapasa ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, akauliza nani mwingine katika familia anao. Nikamjibu kwa fahari kabisa kwamba hivyo ni visigino vya ukoo wetu, baba alikuwa navyo, babu alikuwa navyo, ni viatu vya shambani vilivyovifanya hivyo. Akauliza baba alikufa akiwa na umri gani. Nikasema arobaini na saba. Akavuta karatasi na kuniandikia vidonge.

"Mjomba, hivi utameza kila siku," akasema. "Leo, kesho, mpaka uzeeni."

Hapo yakanijia maneno yako. Umeniambia kwa miaka mingi kwamba dawa ni njia ya wavivu, kwamba mtu akila uji wa oti na mboga, akaacha nyama na akakimbia, mwili unajitibu wenyewe. Wewe hujatia nyama mdomoni tangu mwaka ule tuliomzika baba. Nikaona aibu, kweli nakuambia, kwamba mdogo wangu anakimbia kilomita kumi kabla ya chai na mimi nameza vidonge kama kizee. Nikamwambia Jelisaveta anipe Kwaresima. Wiki saba bila nyama, bila maziwa, bila yai, na Jumatano na Ijumaa bila hata tone la mafuta. Sisi tulikuwa na dawa hii kabla hospitali hazijajengwa, nikamwambia. Nipime Juma Kuu uone.

"Huu si mchezo wa karata, mjomba."

"Nipe mpaka Pasaka tu."

"Mpaka Pasaka, siku moja zaidi sikupi. Na vidonge ununue, vikae nyumbani vikikutazama."

Nilivinunua nikavitia kwenye droo ya soksi. Na kwa kuwa Kwaresima ilikuwa bado wiki mbili, nilizitumia wiki hizo kumalizia nyama ya moshi iliyobaki darini, isije ikaharibika. Usinicheke. Najua unacheka.

Kosa langu la pili lilikuwa kumwambia kila mtu. Mtu wa posta akiwa na siri, nani mwingine atakuwa na habari? Kufikia wiki ya kwanza ya mfungo, kila nyumba niliyofika walikuwa wanaulizia damu yangu kabla ya kuulizia barua zao. Mama mmoja alinipa chupa ya vitunguu saumu na ndimu, mwingine chai ya matunda ya miiba, na nilikunywa vyote. Nilinuka mpaka mbwa wakanipisha njia. Miladin akasimama getini kwake na sigara yake mdomoni.

"Tiho, tukubaliane," akasema. "Ukimshinda daktari, mimi hii naiacha. Akikushinda, unanyoa hizo sharubu."

"Andaa shimo la kuzika pakiti yako," nikamwambia.

Ljubinka, sijawahi kufunga vile. Miaka mingine, wewe unajua, mtu anafunga huku jicho moja liko kwenye jibini. Safari hii sikudokoa. Rosanda alipika maharage kwa kila namna inayojulikana na namna nyingine alizobuni mwenyewe, mpaka akasema anaota maharage yakimwita kwa jina. Kilo sita ziliniacha. Suruali ya kazini nilifungia kamba.

Kuna jambo sikumwambia mtu, hata Rosanda, na leo nakuambia wewe. Katika wiki ya nne, nikipanda kwenda nyumba za juu, kifua kilinibana. Si maumivu ya kukatwa, ni kama mtu ameweka magunia mawili hapo na kuondoka. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe mpaka yakapita. Nikajiambia ni njaa. Kesho yake yakarudi mahali pale pale, nikajiambia tena ni njaa. Nilikuwa naogopa, mdogo wangu. Nina miaka hamsini na mitano, nimempita baba kwa miaka minane, na kila mwaka niliompita nilikuwa nauona kama nimeuiba.

Jumatano ya Juma Kuu nilitoa damu. Alhamisi Jelisaveta akaniita. Nane nukta tisa.

Nilimwambia mashine ni mbovu. Nilimwambia wamechanganya chupa. Akanisubiri nimalize, kisha akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza.

"Mjomba, wiki saba umeishi kama mtawa na imeshuka kidogo hivi," akasema. "Mtu mwingine angekuwa ameshuka akafika pazuri. Wewe hii si ya mezani. Umezaliwa nayo."

Nitakueleza nilivyoielewa mimi, nawe utamwuliza daktari wa huko akueleze vizuri. Ini la mtu ndilo linaloyaondoa mafuta haya kwenye damu. La watu kama mimi halifanyi kazi hiyo sawasawa, tangu tumboni mwa mama. Yanabaki, yanazunguka, yanajipaka kwenye mishipa ya moyo toka utotoni bila kuuma, na mengine yanajikusanya kwenye vidole na kwenye kano za visigino. Vile visigino tulivyojivunia, Ljubinka, havikufanywa na viatu. Ni ugonjwa wenyewe, ulikuwa unaonekana wazi na sisi tukauita ukoo. Chakula kizuri kinasaidia na kutembea kunasaidia, lakini peke yavyo havitoshi. Mzazi mwenye nayo humpa mtoto au asimpe, nusu kwa nusu, kila mtoto peke yake.

Ndipo nilipomtajia yale magunia ya kifuani. Binti yule wa Rajko alinifokea mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia. Kabla ya Jumapili ya Pasaka nilikuwa nimeshapimwa moyo mjini. Mshipa mmoja umeanza kuziba, haujafikia kuwekewa kitu, lakini walisema ningeendelea na ushujaa wangu mwaka mmoja zaidi wangezungumza na Rosanda, si na mimi.

Sharubu nilinyoa. Miladin alinihurumia akaacha sigara kwa siku mbili. Mke wangu aligundua kwamba nina mdomo wa juu na anasema si mbaya.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sijui kuliandika, na nimechana karatasi mbili tayari.

Jelisaveta alitaka kujua imetoka upande gani, akaniambia nimlete mama apimwe. Ilikuwa katikati ya Mei. Mama alivaa viatu vya kanisani na ile skafu nyeusi mpya, akakaa kwenye kiti cha maabara ameshika mkoba magotini kama anasubiri hukumu. Sikuelewa mpaka baadaye. Yeye alidhani wanampima kuona kama kosa lilikuwa lake.

Lazima nikuambie kitu ambacho wewe hukuwepo kukiona. Unakumbuka siku ya arobaini ya baba, jikoni, mbele ya shangazi zetu, ulivyomwambia, "Umemuua wewe, mama, na kikaango chako." Mimi nilikuwa mlangoni. Mama aliendelea kukoroga supu ya wageni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Baada ya miaka mitatu ukaondoka, na tangu hapo mkiongea kwenye simu mnaongea mvua na jua.

Tangu siku ile, Ljubinka, mama hajayeyusha mafuta ya nguruwe katika nyumba hii. Kila mwaka tunapochinja mwezi wa Novemba, yeye huchukua ufagio akaenda kusafisha kanisa, akarudi jioni kila kitu kikiwa kimeoshwa. Hajawahi kusema kwa nini, nasi hatujawahi kumwuliza. Sahani ya mjukuu ikiwa na nyama yenye mafuta, humkatia yale mafuta bila kusema neno. Miaka thelathini na moja. Na mimi, kaka yako mkubwa mwenye busara, sikuwahi kumwambia kwamba ulikosea, kwa sababu moyoni niliamini kama wewe. Wewe ulisema, mimi nilinyamaza. Sijui kati yetu nani alimuumiza zaidi.

Damu ya mama ilikuwa tano nukta moja. Jelisaveta akasema ni damu ya msichana. Kisha akaomba kuona picha ya baba. Sikuwa nayo, ila kwenye simu yangu nilikuwa na ile ya kwenye jiwe la kaburi, niliyoipiga siku ya kuwaombea wafu. Akaikuza kwa vidole, akatuonyesha macho ya baba. Kuzunguka mboni kuna pete nyeupe, nyembamba. Miaka yote hii tunaibusu picha ile na hatukuiona.

"Mtu wa miaka arobaini hatakiwi kuwa na hii," akasema. "Bibi Stamenka, mumeo alikuwa na ndugu?"

Mama akafikiri. Akamtaja babu aliyekufa na miaka hamsini, ambaye tunaambiwa alikufa kwa huzuni ya ng'ombe wake kuchukuliwa. Kisha akamtaja baba mdogo Obrad. Unamkumbuka baba mdogo Obrad, yule mtawa, mwembamba, aliyekuwa akituletea mishumaa na asali. Alianguka akipiga kengele, akiwa na miaka arobaini na tisa. Sote tulisema ni baridi ya kanisa lile. Daktari akauliza alikuwa anakula nini. Mama akasema hakula nyama kwa miaka ishirini, watawa hawali. Nikamwona anakaza mkono kwenye mkoba.

"Na Obrad," akasema polepole, "Obrad alikuwa anapikiwa na nani?"

Jelisaveta hajui historia yetu, lakini ana akili, nafikiri aliisoma usoni mwangu. Akamshika mama mkono.

"Bibi, sitakudanganya. Mafuta ya nguruwe hayakumsaidia. Lakini hata ungempikia kabichi na maji maisha yake yote, damu yake ingebaki mbaya. Wakati ule dawa ya kumfaa haikuwepo hapa. Si wewe uliyemletea."

Mimi nilitazama ukutani, kwa sababu sikuweza kumtazama mama. Nilitegemea atalia. Nilitegemea atasema jina la baba, au atasema lako kwa uchungu, na angekuwa na haki. Unajua alisema nini? Alisimama, akajifunga skafu, akamwuliza daktari:

"Na Ljubinka wangu? Yuko mbali. Nani atampima Ljubinka?"

Njiani nikaanza kulia kwenye usukani, jitu zima lisilo na sharubu. Mama akaniambia niangalie barabara, tuna kuku hawajala.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nimeandika. Mdogo wangu, kisigino chako. Ulipokuwa na miaka kumi na minane ulikataa kuvaa viatu vya wazi kwenye harusi ya binamu yetu kwa sababu wavulana walikuwa wanavitania visigino vyako. Mimi nilikuwa mmoja wa watani. Leo usiku, au sasa hivi, vua soksi, upapase mshipa ule wa nyuma. Kama ni mnene kama wangu, nadhani umeshajua. Na hata kama ni mwembamba, bado kapime, maana daktari anasema wengine hawaonyeshi chochote.

Mwaka juzi uliniambia kwenye simu kwamba hujawahi kupima kwa sababu huna haja, unakimbia na huli nyama. Maneno hayo yamenikosesha raha mwezi mzima. Wewe unakimbia, Ljubinka, mimi natembea, na Obrad alisali amesimama kwa saa nyingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuikimbia hii. Usije ukaniambia kwamba nilifunga vibaya, au kwamba oti za huko ni bora. Endelea na oti zako, endelea kukimbia, Jelisaveta anasema pengine ndizo zilizokufikisha miaka hamsini bila kuanguka, na baba angekuwa nazo labda angemwona Aleksa. Lakini kidonge si adui wa uji wako. Vyote viwili vinakaa tumboni bila kugombana.

Kuhusu vidonge vyenyewe, nakuambia ukweli kama ulivyo. Wiki mbili za kwanza mapaja yaliniuma kama nimevuna. Nilitaka kuviacha, nikamwambia daktari badala ya kuviacha kimya kimya, akanibadilishia aina, maumivu yakaisha. Wiki iliyopita nilipima: tano nukta sita. Nilitaka kucheza ngoma, yeye akasema bado, kwa mtu ambaye mshipa wake umeshaanza kuziba anataka ishuke zaidi, pengine ataongeza kidonge cha pili. Nyama ya moshi nakula siku ya sherehe tu, kipande cha kidole. Naikumbuka kila siku ya Mungu. Yale magunia ya kifuani hayajarudi tangu Pasaka.

Ukienda kupima, usiseme tu unataka kupima kolesteroli. Waambie hivi: baba arobaini na saba, baba mdogo arobaini na tisa, babu hamsini, kaka tisa nukta nane. Ukisema hivyo hawatakurudisha nyumbani na karatasi ya kula mboga. Na Aleksa umpeleke. Najua ana miaka ishirini na minne na anadhani hatakufa. Kama damu yake ni safi, atakuwa amepoteza asubuhi moja. Kama si safi, ataanza dawa akiwa na umri ambao baba alikuwa ndiyo kwanza ananunua shamba la miplamu, na mishipa yake bado iko wazi. Hicho baba hakupewa. Obrad hakupewa.

Kuhusu mama na wewe sikupangii. Nimekuwa kimya miaka thelathini na moja, sina haki ya kuanza kutoa amri leo. Nasema tu kwamba nilikosea kumwachia mzigo ule peke yake, na nimemwambia hivyo, juzi, tukichambua maharage. Alinijibu kwamba nachambua vibaya, naacha mawe. Lakini alinishika shavu, hapa palipokuwa na sharubu, akauacha mkono hapo kidogo. Nimetamani wewe pia upate mkono ule.

Jumapili ni Pentekoste, nitakuwashia mshumaa, wewe na Aleksa, na mmoja kwa Predrag ingawa anasema haamini. Rosanda anakusalimu na anauliza kama unazo mbegu za yale maboga madogo. Miladin anakusalimu, anasema kama huko kuna mtu anayeweza kumwachisha sigara kwa barua, umtume. Msalimie sana Predrag, mwambie asiinue vitu vizito, na Aleksa mwambie mjomba wake anataka picha yake uwanjani, si ya kwenye gari.

Mungu akutangulie kila unapoweka mguu, akupe miaka mingi kuliko yetu sote, na damu iliyo tulivu.

Wako akupendaye siku zote, ingawa haandiki,
kaka yako Tihomir.

Nyongeza. Nimenaswa, Ljubinka. Nilipokuwa nafunga bahasha mama aliingia, akauliza nimeandika nini kurasa zote hizi. Nilitaka kumdanganya nikashindwa, nikamsomea yote, pamoja na ya jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniambia niongeze sauti. Kisha akaniomba kalamu. Yafuatayo ni mkono wake, sijabadilisha kitu.

Ljubinka mwanangu, kaka yako ana maneno mengi, mimi nina machache. Nenda kapime damu, na mtoto naye. Usingoje wiki iishe. Yale ya siku ya arobaini usinijibu. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na ulikuwa umefiwa na baba yako. Ukishapima nipigie mimi, si Tihomir. Nitakuwa jikoni. Mama.